Siku moja garajini Lubumbashi: nyaya za buji na joto la mabomba ya moshi

Saa kumi na mbili asubuhi. Nafungua geti la garaji, hapa Kampemba. Ni Oktoba, mwezi wetu wa joto kali. Mvua bado haijashuka na vumbi jekundu limelala juu ya kila boneti. Vijana wanafagia, mimi napanga vifaa.

Saa moja na nusu. Papa mmoja, mzee mwenye shamba njia ya Kipushi, analeta Land Rover yake ya zamani, V8 (injini ya silinda nane) ya lita 3.5, ya esansi, yaani petroli. "Fundi, asubuhi inawaka vizuri. Nikibeba mahindi, ikipata joto, inaanza kumisi, inakatakata. Nyaya za buji nilinunua mpya mwaka huu huu!"

Nafungua boneti, sababu naiona palepale. Manifoldi za chuma, zile zinazotoa moshi kwenye silinda, zilitolewa, yakafungwa mabomba yaliyochomelewa ili injini ipumue vizuri. Sina ugomvi na mabomba hayo. Lakini aliyeyafunga hakuacha kikinga joto chochote, na nyaya mbili za nyuma upande wa kushoto zimelala karibu kabisa na bomba. Hili linaniuma kila ninapoliona. Mteja anauziwa nyaya mpya, zinaungua, anauziwa nyingine, na joto liko palepale.

Saa tatu. Injini imepoa, tunaanza kuchomoa. Nawaonyesha vijana: usivute waya. Shika kofia yake ya mpira, izungushe kidogo huku na huku, ndipo uitoe. Kofia ya silinda ya saba imekuwa ngumu kama ukoko wa bukari, ugali wetu. Ubavuni ina tundu dogo, ncha ya sindano tu, limezungukwa na duara jeupe. Hapo ndipo moto wa buji, yaani umeme wake, ulipokuwa ukirukia kwenye bomba badala ya kuingia silindani. Napima kwa mita: upinzani wa waya huo umepanda mbali na wa wenzake.

Papa anauliza mbona asubuhi gari haina shida. Namweleza kwamba silikoni nzuri, mpira wa nyaya hizi, huvumilia nyuzi joto 200 hivi kwa muda mrefu, ila bomba la moshi la injini inayopanda na mzigo linaweza kupita 500. Tena ukizima gari mara tu baada ya mlima, feni inasimama, upepo unakwisha, na joto lote linabaki chini ya boneti likipika mpira.

Saa tano. Niko mjini kutafuta vipuri. Nachukua nyaya za silikoni zenye upinzani, si za shaba tupu, maana hizo zinajaza redio makelele. Nachukua pia soksi za nyuzi za kioo za kuvika kofia. Muuzaji mmoja ananitolea kamba nyeupe ya zamani: "Hii ni amianti (asbesto), haiungui kabisa." Kweli haiungui, lakini vumbi lake likiingia mapafuni linaleta saratani. Siwezi kuileta mahali ambapo vijana wanapumua kutwa nzima. Nimemrudishia.

Saa saba. Bukari na ndakala, samaki wadogo wakavu, haraka haraka.

Saa nane. Hii ndiyo kazi yenyewe. Kwanza umbali: nyaya tunazipandisha juu, mbali na mabomba, tunazishika kwa vibanio vya chuma. Kamba za plastiki hapa zinayeyuka, waya unaanguka tena juu ya bomba. Pili kikinga: nakata bati la chuma kisichoshika kutu, nalifunga kwenye bolti kati ya bomba na kofia, nikiacha nafasi ya upana wa kidole kila upande ili hewa ipite. Bati likigusa bomba, nalo linakuwa jiko. Soksi zinakuja mwisho kabisa. Wengi wanaanza na soksi, wanaacha waya palepale, kisha wanashangaa.

Kuna jambo lingine la V8 hii. Mpangilio wake wa kuwaka, yaani zamu za silinda, ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda ya 5 na ya 7 ni majirani na zinawaka zikifuatana. Nyaya zao zikienda bega kwa bega, umeme wa mmoja unaweza kuamsha mwingine kabla ya zamu yake. Kutoka delko, kifaa kinachogawa umeme wa buji, hadi kwenye buji nimezitenganisha, ya tatu nikaipitisha katikati.

Papa alitaka pia tuyafunge mabomba kwa utepe wa kuzuia joto. Nimemkatalia. Mabomba yake ni chuma cha kawaida, na mvua za Novemba hizo zinakuja. Utepe ukilowa unashika maji na bomba linaoza taratibu ndani yake. Pesa hiyo inunue bati la upande wa kulia.

Saa kumi na moja. Tumepakia mifuko, tumeelekea njia ya Kipushi. Gari limevuta mfululizo, halikumisi.

Saa moja jioni. Giza limeingia. Tumewasha injini, tumezima taa zote, nimepulizia nyaya maji kidogo kama ukungu, mikono mbali. Kama kuna mahali moto unavuja, cheche za buluu zingeonekana. Hakuna hata moja. Papa anarudi Jumamosi tufanye upande wa kulia, na tukaze tena bolti za kikinga, kwa sababu joto huzilegeza.