Mimi wala sili sana

Hii sentensi nimeisema miaka na miaka. Nimemwambia dada yangu, nimewaambia wenzangu kazini, nimesema hata pale ambapo hamna mtu aliyeniuliza, unakuta tumekaa tunaongelea mambo mengine kabisa mi naanza tu, "yaani mi wala sili sana, sema mwili wangu ndo uko hivi, nikinywa hata maji nanenepa." Na naomba nieleweke, sikuwa nadanganya, nilikuwa naamini kabisa. Ungeniapisha ningeapa.

Siku nilipoisema mbele ya daktari nilikuwa na kilo 96, urefu wangu sentimita 164, na presha ilikuwa imesoma 148 kwa 95, mara ya pili hiyo, ya kwanza nilisingizia ngazi nilizopanda. Nikajiandaa kubishana. Yule daktari hakubisha, alitabasamu tu akaniambia, "Sawa dada, nakuamini. Sasa nunua daftari, wiki mbili andika kila kinachoingia mdomoni. Usiache chochote, usibadilishe chochote, we kula kama kawaida yako, andika tu." Nikamuuliza nipungue kilo ngapi, nikitegemea aseme thelathini. Akasema tano. Eti tano tu, kwa mtu wa kilo zangu hizo tano zinatosha kuanza kuishusha presha, mengine tutaongea baadaye. Nilitoka pale nimeudhika kidogo, nikaona kama hajanichukulia siriasi.

Maana mi nilishazoea dayati za kishujaa bwana. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilifanya ile ya siku kumi, matango na maji na yai la kuchemsha, nikapungua kilo nne wiki ya kwanza nikajiona nimeshinda, nikapiga na picha. Wiki tatu baadaye zimerudi zote na ya tano juu yake kama riba. Hamna mtu aliyenieleza kwamba zile kilo za mwanzo nyingi ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imebeba karibu gramu 3 za maji, sasa ukijinyima ghafla akiba inaisha na maji yanaondoka nayo, mzani unashuka, unashangilia, kumbe mafuta yako yamekaa palepale yanakuangalia. Na siku ukila vizuri tu maji yanarudi.

Kitu kingine ninachokikumbuka kwenye zile siku kumi ni video za mapishi. Usiku nimelala na njaa yangu naangalia watu wanapika, moja inaisha naweka nyingine, mpaka saa saba. Nikajiona nina matatizo ya akili. Baadaye sana ndo nikaja kusoma kuhusu jaribio moja la Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, chini ya mtafiti mmoja anaitwa Ancel Keys, walichukua vijana wa kiume 36 wenye afya zao wakawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wakaanza kuota chakula, wakawa wakali, na wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi na kuvikusanya, watu ambao hata jikoni walikuwa hawaingii! Niliposoma hiyo nilicheka mwenyewe alafu nikataka kulia. Miaka yote najiita mlafi, kumbe kichwa kikinyimwa chakula ndo kinavyofanya, kinakiwaza chakula kutwa.

Haya, turudi kwenye daftari.

Siku ya kwanza niliandika kwa mbwembwe zote. Asubuhi chai na vipande viwili vya mkate, mchana wali na maharage, jioni mboga na viazi. Nikaangalia nikasema unaona sasa, chakula hiki hata mtoto anakula. Siku ya pili jioni natoa vyombo mezani, nikala nusu kipande cha nyama kilichobaki kwenye sahani ya mwanangu, nikaweka sahani kwenye sinki, nikasimama. Hivi na hiki kinaandikwa? Nikachukua kalamu mkono una mafuta, nikaandika "nyama ya mtoto, nusu". Karatasi ile mpaka leo ina doa la kidole.

Kuanzia pale daftari likawa refu ghafla. Kuonja chungu, mara tatu. Ukoko. Biskuti moja kazini alafu "moja" nyingine alafu nyingine. Sukari kwenye chai vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku, yaani vijiko kumi na mbili ambavyo kichwani kwangu vilikuwa vinaitwa chai. Mwanangu akaniuliza, "Mama unaandika nini kila saa?" nikamwambia mahesabu, na kweli yalikuwa mahesabu. Nilikuwa sili sana nikiwa nimekaa. Nikiwa nimesimama nilikuwa nakula mlo wa mtu mwingine mzima.

Na siko peke yangu, hii ilinipa faraja ya ajabu. Kuna utafiti wa mwaka 1992 ulitoka kwenye jarida la New England Journal of Medicine, walichukua watu waliokuwa wanasema kama mimi, wanakula kidogo na hawapungui, wakawapima kwa vipimo vya uhakika. Mwili wao ulikuwa unachoma vizuri tu. Shida ilikuwa hesabu, chakula walichokitaja kilikuwa pungufu karibu nusu ya walichokula, na mazoezi waliyosema wanafanya yalikuwa yamezidishwa kwa karibu nusu vilevile. Nadhani na wale nao ungewaapisha wangeapa.

Ila kilichonimaliza ni mafuta ya kupikia. Mi huwa namimina toka kwenye chupa, sipimi, mkono ushajua. Jumamosi moja nikasema ngoja leo nimimine kwenye kikombe kwanza, nikamimina kama ninavyomimina siku zote, bila kujibana, alafu nikaanza kuyahamisha na kijiko kikubwa cha chakula huku nahesabu kwa sauti. Cha tano nikaanza kuongea peke yangu. Vilifika saba. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina karibu kalori 120, mafuta yoyote yale, hata yale ya chupa nzuri yaliyoandikwa ni ya afya, kwa sababu gramu moja ya mafuta ni kalori 9 wakati ya wanga au protini ni 4. Kwa uzito niliokuwa nao kijiko kimoja ni kama kilomita mbili za kutembea. Saba mara mbili, hesabu mwenyewe. Na mi ndo nilikuwa nimevaa plastiki tumboni nikitembea jioni ili nitoke jasho, jamani. Mafuta ya mwili yakichomwa sehemu kubwa yanatoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni, yanayobaki ndo maji. Lile jasho nilikuwa nalirudisha na chupa moja ya maji nikifika nyumbani.

Sasa nikipika naweka vijiko viwili. Chakula kinapikika. Mume wangu mwezi mzima hakugundua, na mi sikumwambia.

Lakini hayo ya mafuta na sukari ni mepesi, unapima yanaisha. Kuna mstari mmoja kwenye daftari ulikuwa unajirudia na ndo nilichelewa kuuelewa. Saa tano usiku. Kila siku saa tano usiku, tano na nusu, kuna kitu kimeandikwa, mkate, karanga, wali wa baridi umeliwa kwa kijiko friji iko wazi. Mwanzo nilijua ni njaa. Daktari nilipompelekea daftari alipitisha kidole kwenye mistari ile akaniuliza swali moja, saa tano kuna nini nyumbani kwako? Nikasema hamna kitu, mtoto kalala, baba yake kalala. Nikajisikia ninavyosema. Hamna kitu. Ndo saa pekee kwenye siku nzima hamna anayeniita. Kuanzia saa kumi na moja asubuhi mi ni mama, ni mke, ni mtu wa ripoti, ni mtu wa "samahani naomba mara moja", na ile dakika kumi mbele ya friji na taa yake ile ilikuwa ndo mapumziko yangu, nilikuwa nakula ili niwe na sababu ya kusimama pale. Ukisimama tu jikoni usiku hufanyi kitu utaonekana umechanganyikiwa, ila ukiwa unakula unaeleweka.

Hilo hakuna dayati inaliandika. Nililia kwenye gari.

Nilichofanya ni kidogo mno naona hata aibu kukisema. Niliomba nusu saa. Nilimwambia mume wangu kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa tatu mi sipo, nipo chumbani mlango umefungwa, mtoto akilia we ndo mzazi. Wiki ya kwanza nililala tu naangalia dari. Mtoto aligonga mlango, nikanyamaza, roho inaniuma, baba yake akaja akamchukua. Saa tano usiku haikuisha siku hiyohiyo, ila ilianza kukosa mistari, wiki moja mitatu, wiki moja mmoja.

Kilo zikaanza kushuka, polepole kama nini, nusu kilo wiki hii, wiki inayofuata sifuri, inayofuata imepanda. Zile tano zilichukua miezi mitatu na presha kweli ikasogea chini. Nilipofika 83 mzani ukagoma wiki saba. Nikataka kurudi kwenye matango, naapa. Kumbe mwili wa kilo 83 unatumia kidogo kuliko wa kilo 96, na isitoshe unabana matumizi, chakula kilichokuwa kinanipunguza sasa kinanitosha. Nikaongeza protini, nikaanza kunyanyua vyuma mara mbili kwa wiki ili misuli isiondoke na mafuta, ukasogea. Sina mengi ya kusema hapo, ni kazi ya kuchosha na jimu yenyewe siipendi mpaka leo, naendaga tu.

Watu ndo wana mambo. Nusu wananiuliza naumwa nini, na hawanong'oni, wanauliza mbele za watu. Nusu wananisifia, "sasa hivi ndo umekuwa mtu!" Hii ya pili niliisubiri miaka mingi nikidhani itanifurahisha, ila nikiisikia kuna kitu kinanichoma. Kwani kabla nilikuwa nani? Yule wa kilo 96 ndo alizaa, ndo alimuuguza mama yangu, ndo alisimama kwenye msiba wake siku tatu hajakaa. Nilianza kujikuta namtetea mtu ambaye mwenyewe nilikuwa simpendi. Siku hizi nikisifiwa nasema asante nabadilisha mada.

Mi furaha yangu ilikuja bila mzani. Asubuhi moja naongea na simu nimeibana na bega, nimeinama nafunga kamba za viatu, nikafunga cha kulia nikafunga cha kushoto, naongea tu. Nilipokata simu ndo nikashtuka. Zamani kufunga viatu ilikuwa unavuta pumzi kwanza, unaibana, unainama haraka, unafunga kimoja, unainuka unahema, unarudi. Nilikuwa nanunua viatu vya kutumbukiza tu na nilishajiaminisha kuwa ndo staili yangu. Nikafungua zile kamba nikazifunga tena, taratibu, nikawa nachelewa kazini na sijali.

Sasa hivi nina 75. Kwa ile hesabu ya uzito kwa urefu niko karibu 28, yaani bado naitwa mnene, ukomo ni 25. Ngozi ya tumbo imelegea na haina mpango wa kurudi. Mwezi huu nimepanda kilo moja na nusu, kuna wiki mbili mtoto aliumwa na ile nusu saa yangu ilikufa, na jana usiku saa tano na dakika ishirini nilikuwa mbele ya friji na mkate, kijiko, na kopo la siagi ya karanga. Nilikula. Alafu nikatafuta daftari, kalamu ilikuwa haiandiki, nikachukua penseli ya mtoto, ya rangi ya kijani.

"Siagi ya karanga, vijiko vinne. Nimesimama."