Kugonga ubavu wa mtumbwi, Momella Ndogo

Mtumbwi ziwani porini huwafanya watu wafikirie ukimya. Hakuna injini, hakuna vumbi la gari, basi inaonekana kazi iliyobaki ni kunyata kama mwindaji. Kwa ndege wazo hilo lina nusu ya ukweli. Kwa kiboko ni kosa kabisa.

Momella Ndogo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwa kuwa ziwa lenyewe ni dogo na kila mnyama yuko jirani na mwenzake. Kiboko yumo majini, kuro na nyati wako ukingoni, twiga anapita nyuma yao. Askari wa hifadhi mwenye bunduki huandamana na msafara, lakini bunduki haimfai sana mtu aliyekwisha jiweka mahali pabaya.

Kwanza hesabu vichwa. Kabla mtumbwi haujaguswa, simama pwani ya ziwa dakika kumi nzima na uhesabu viboko, kisha hesabu tena. Hesabu ya kwanza karibu kila mara huwa pungufu. Kiboko mzima anaweza kukaa chini hadi dakika tano hivi, na akiwa huko anatembea, kwa hiyo mahali alipozama si mahali atakapoibuka. Mkishaingia majini, gongeni ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi: mara mbili, mara tatu, kisha mtulie msikilize. Sauti husafiri vizuri majini. Kiboko aliyesikia huinua macho na masikio kutazama ni nani, nanyi mnajua alipo. Yule asiyejua kwamba mpo, akaibuka chini ya mtumbwi, ndiye anayeuma.

Njia ya mtumbwi ni maji mafupi, pale ambapo bapa la kafi linakaribia kugusa tope. Kina kiachiwe kiboko, maana akishtuka hukimbilia huko, na aliyesimama kati yake na kina amemzibia mlango. Lakini ukingo nao una mitego yake. Ukiona mfereji wa tope uliochimbwa na miguu kushuka majini, hiyo ni njia ya kiboko. Usipumzike mbele yake asubuhi, kwa sababu aliyechelewa malishoni atarudi kwa njia hiyo hiyo. Na akipanua kinywa usidhani ana usingizi: anatishia. Mstari wa mapovu, au maji yanayotuna na kusogea kuelekea kwenu, maana yake ni moja: geuzeni omo, yaani pua ya mtumbwi, kuelekea ukingo wa karibu usio na mnyama, mpige kafi kwa nguvu, wala asisimame mtu.

Kwa nyati hamna la kugonga. Msimkaribie tu. Mara nyingi yangeyange ndiye anayemtangulia machoni: weupe unaoelea juu ya majani marefu, na chini yake kuna mgongo mweusi.

Ndege wanataka hesabu nyingine. Kinachowarusha ni mwelekeo zaidi kuliko kelele. Omo ikiwaelekea moja kwa moja, kwao hiyo ni hatari inayokuja. Mtumbwi unaopita kando, kwa mshazari na kwa mwendo uleule, huachwa upite. Tazama shingo zao. Wakila, uko salama. Shingo zikisimama zote kwa pamoja, umeshavuka mpaka: acha kupiga kafi na uache mtumbwi ufe mwendo wenyewe. Heroe (flamingo), ambao huonekana zaidi ziwa jirani la Momella Kubwa, hukimbia juu ya maji kabla ya kuruka, na mbio hizo huwagharimu nguvu ambazo wangezitumia kula. Kibisi, ndege mdogo mpiga mbizi, haruki, huzama. Akizama kila unaposogea, basi umemkera. Kwazi, tai mla samaki, ni rahisi zaidi, kwani hupenda kurudi kwenye mti uleule, na akilia hurusha kichwa nyuma.

Haya yote hayawezekani kama mtumbwi hauendi unakotaka. Aliye mbele anaweka kasi, aliye nyuma anashika uelekeo, na wakigombania kazi hizo mtumbwi unachora nyoka ziwani. Bapa liingie maji karibu na vidole vya miguu na litoke likifika nyonga. Ukilivuta zaidi ya hapo unainua maji bure na kuuzungusha mtumbwi. Aliye nyuma akipiga upande wa kulia, omo hukimbilia kushoto. Dawa yake ni kumalizia pigo kwa kugeuza dole gumba la mkono wa juu lielekee chini, kisha kusukuma bapa nje kidogo. Ni kama kuandika ndoano majini. Pigo hilo halijifunzwi mbele ya viboko. Ziwa Duluti, kule Tengeru, ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, pana kenge wa kutazama, na ukikosea huko unagonga matete tu.

Mtumbwi ukiyumba, mikono hutaka kushika kingo. Hapo ndipo watu wanapopinduka, kwa sababu uzito unapanda na kafi linaacha kazi. Acha kafi ndani ya maji, shuka kwenye magoti.

Upepo ndio unaoamua saa. Ziwa liko juu, karibu mita 1,450, asubuhi kuna baridi ya kutosha sweta na maji huwa kama kioo. Baadaye upepo huamka. Ukipiga kafi dhidi yake, omo iwe nzito kidogo kuliko nyuma. Ukirudi nao, sogezeni mzigo nyuma. Mwanga nao una upande wake. Mlima Meru, mita 4,566, uko magharibi, na ubavu wake uliobomoka unaangalia mashariki, kwa hiyo jua la mapema linaingia ndani ya bonde lile lote. Anza na ukingo wa magharibi, jua likiwa mgongoni. Darubini ya 8×42, yaani ya kukuza mara 8, yatosha. Ya kukuza mara 10 inatikisika mno ndani ya mtumbwi.

Na mbomoko huohuo, wa maelfu ya miaka iliyopita, ndio uliomwaga vifusi huku chini. Vilima vidogo vinavyozunguka maziwa ya Momella ni mabaki yake, na maziwa yakakaa katika mabonde baina yao. Maji hayafanani ziwa kwa ziwa, ndiyo maana rangi zinatofautiana na ndege hugawana mahali pa kulia. Ni maji ya magadi, yenye floridi nyingi, huteleza vidoleni kama ya sabuni. Hayanywewi: beba lita mbili kwa kila mtu hata kama safari ni ya muda wa saa mbili tu. Yakikauka kwenye zipu na kwenye skrubu za darubini huacha unga mweupe unaokwaruza, kwa hiyo vifaa visuuzwe kwa maji safi ya bomba siku hiyohiyo, kabla ya kupanguswa.