Kitanda kimejaa nguo, begi bado tupu

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni maana kitandani hakuna pa kukaa, kumejaa nguo. Fulana tano, suruali tatu, jaketi mbili, flisi (lile sweta laini la nyuzi za plastiki), makoti ya mvua mawili (sijui hata la pili lilitoka wapi), soksi hata sihesabu. Safari ni ya siku 12 kwa miguu, msimu wa joto, na kila ninayemwambia ananijibu hivohivo, ah si kuna joto, beba fulana mbili na kaptula inatosha.

Sasa hilo joto wanalolisema ni la huku chini. Ukianza kupanda, kila mita 1,000 hewa inapoa kama nyuzi 6 hivi, kwa hiyo kama asubuhi umeondoka kwenye 24, ukiongeza mita 2,000 uko kwenye 11 au 12, tena hapo hakuna upepo na hakuna mvua. Vikija vyote viwili pamoja, nyuzi 10 inatosha kabisa kumshusha mtu joto la mwili mpaka akaanza kuongea kama mlevi, wala haihitaji barafu. Baridi ya kiangazi inawakuta watu kwa sababu hakuna anayeiwazia.

Na mimi yalinikuta. Safari iliyopita nilitoka asubuhi nimevaa jaketi langu zito kwa vile kulikuwa na kibaridi, nikaanza kupanda nalo, uvivu tu wa kusimama nivue. Saa nzima ya mlima, jasho linatiririka mgongoni, nikajiambia nitavua pale juu. Kufika juu upepo huo, na ukungu, na jaketi lote ndani limelowa kama limetoka kufuliwa, nikataka kutoa nguo kavu kwenye begi, vidole vikagoma. Nilishika ile zipu ikawa inateleza tu, mwisho nikaivuta kwa meno. Hakuna kilichonilowesha siku ile ila jasho langu mwenyewe, tone la mvua halikudondoka.

Tangu hapo nguo nazigawa mafungu mawili, za kutembelea na za kusimamia. Ukiwa unatembea na begi mgongoni mwili wenyewe ni jiko, unahitaji kitu chepesi mno, na asubuhi unatakiwa uondoke ukiwa unasikia baridi kidogo, kama uko sawa kabisa wakati unafunga kamba za viatu ujue baada ya dakika 10 utakuwa unajuta. Nguo nzito ni ya kusimama, unaitoa ukipumzika, ukifika kambini, halafu ukianza kutembea inarudi begini hata kama roho inauma.

Za kutembelea basi. Pamba nimeitoa yote, hata ile fulana yangu niipendayo. Pamba inanyonya maji na haiyaachii, inakugandia mgongoni, na maji yanatoa joto mwilini haraka kuliko hewa, mara nyingi sana. Poliesta inakauka upesi ila siku ya tatu harufu yake, jamani, tusiongee. Sufu ya merino, wale kondoo wenye manyoya laini, hainuki haraka na hata ikilowa bado inatunza joto kiasi, lakini ile nyembamba inachakaa, yangu ya kwanza ilitoboka mabegani pale mikanda ya begi inaposugua. Kwa hiyo nimeamua mchana poliesta, mikono mirefu, yenye kola maana jua la mlimani linaunguza shingo hata kukiwa na mawingu, na ile ya merino iwe ya kulalia tu. Hiyo ya kulalia inafungwa kwenye mfuko usiopitisha maji na haivaliwi kutembelea, hata iweje, hata kama ya mchana asubuhi imelowa na inakera kuivaa. Inakera kweli, ila dakika 15 za kutembea ushasahau.

Juu yake kikoti cha upepo, kile chembamba kinachokunjika kikawa kama ngumi. Gramu 110 kwenye mizani ya jikoni. Kama ningeambiwa nibakishe kitu kimoja tu, hiki singekiacha, kinakata upepo bila kukupika.

Mjadala mkubwa ni jaketi la manyoya ya bata dhidi ya flisi. La manyoya lina gramu 290, flisi 340, na la manyoya lina joto zaidi kwa mbali na linabanwa likawa dogo. Ila likilowa linakuwa kama kuku aliyenyeshewa, manyoya yanagandamana hakuna joto tena, wakati flisi unaikung'uta unavaa. Kuna jaketi zenye sufi ya plastiki badala ya manyoya, zinavumilia unyevu, nzito kidogo, yangu ilishachoka imebaki nyembamba kama shuka. Mwishoni nimeenda na la manyoya kwa sababu silitembelei, kwa hiyo jasho halilifikii. Flisi nimeirudisha kabatini. Nikaitoa. Nimeirudisha tena.

Soksi jozi tatu, mbili za zamu na moja ya kulalia. Kofia ya jua, kofia ya baridi, glavu nyepesi (mnakumbuka ile zipu). Suruali moja ndefu na kaptula moja, na suruali ya mvua ndo sijui niseme nini, siku nzuri ni gramu 200 za bure, siku mbaya unaona wenzako wasio nayo unawahurumia. Inakuja.

Koti la mvua nimechagua lile lenye zipu za kwapani, maana hata liwe zuri namna gani ukipanda nalo kilima unalowa kwa ndani, bora upate pa kutolea mvuke. Nimelivaa mbele ya kioo nikiwa na jaketi la manyoya ndani, nikaweka na begi juu, zipu inafunga mpaka kidevuni bila kubana na nikiinua mikono mgongo hauonekani. Hilo limeshaingia begini. Lile la pili kama ni lako uliliacha hapa kwangu, njoo ulichukue.