Siku 9 za dawa ya taifodi, kumbe ni jipu nyuma ya kibofu

Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu Mji wa Kale. Maumivu yalinianza jioni, kitovuni kwanza, kisha yakateremka chini kabisa. Usiku wa tatu yakatulia ghafla. Nikamshukuru Mungu, asubuhi nikafungua duka. Baadaye daktari aliniambia huenda ndipo kidole tumbo kilipopasuka.

Kesho yake nikaanza kuharisha, lakini si kuharisha kwa kawaida: ute kidogo tu, mara 10 kwa siku, na kila nikitoka chooni nahisi sijamaliza. Mkojo ukanisumbua kila saa. Ikifika magharibi, homa inanitetemesha hadi meno yanagongana. Zahanati ya mtaani wakapima malaria, hamna. Wakapima Widal, kipimo cha damu cha taifodi, wakasema ninayo. Sikujua kwamba kipimo hicho huweza kuonyesha taifodi hata kwa mtu aliyeugua zamani akapona, na kwamba cha kuaminika zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu. Nikameza vidonge siku 9.

Na jambo hili lazima niliseme. Mhudumu mmoja pale alitaka kunipima kwa kidole, njia ya haja kubwa. Nilikataa. Niliona haya, naye hakunilazimisha.

Mke wangu ndiye aliyechoka kungoja. "Baba watoto, dawa gani hii, homa inashuka asubuhi na jioni iko pale pale? Inuka twende hospitali."

Daktari wa upasuaji aliniomba ruhusa ya kipimo kile kile. Safari hii nilikubali. Hakikuchukua hata dakika moja. Alipobonyeza upande wa mbele nilipiga ukelele, naye akasema taratibu: "Pole, kaka. Pana uvimbe hapa, laini, wa moto. Nadhani ni usaha." Yeyote mwenye homa, maumivu ya chini na choo cha ute, nakusihi usikikatae kipimo hicho kama nilivyokikataa mimi.

Picha ya CT, ile ya mashine inayopiga eksirei za ndani ya mwili tabaka kwa tabaka, ilionyesha jipu la sentimita 9 ndani ya nyonga, kati ya kibofu na njia ya haja kubwa, limegawanyika vyumba. Dawa peke yake haingeweza, kwa sababu haipenyi vizuri kwenye usaha mwingi hivyo, ilibidi utolewe. Lakini mbele yake matumbo yalikuwa yamejazana, sindano ya kupitia tumboni ingeyatoboa. Basi wakapitia takoni. Nililala kifudifudi ndani ya mashine, nikapigwa ganzi, sindano ikaingizwa karibu na mfupa wa chini ya kiuno ili isiguse mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka mguuni. Picha, inasogezwa kidogo, picha tena. Kisha bomba likajaa kitu cha rangi ya maziwa yaliyoharibika, na harufu ile sitaisahau. Wakaacha ndani mpira mwembamba wenye ncha iliyojikunja kama mkia wa kinyonga.

Siku ya 4 homa ikarudi. Chumba kimoja hakikuungana na vingine, kikahitaji mpira wake. Usaha ulioteshwa maabara, dawa ya mshipani ikabadilishwa.

Kukaa kuliniuma mno, hata sala niliswali kwa ubavu. Muuguzi akisafisha mpira kwa maji ya chumvi, mke wangu aliandika kilichotoka kwenye daftari langu la vipimo vya wateja. Chini ya "mabega 18, urefu 58" kuna mwandiko wake: mililita 120, 80, 35, 15. Ilipokuwa chini ya 10 siku mbili mfululizo, homa hamna na picha safi, mipira ikatolewa.

Wiki ya 8 nilirudi kutolewa kidole tumbo chenyewe. Nililala hospitali usiku mmoja tu.