Farasi watatu kwenye sinia la mama

Nyumbani kwetu Kongwa kulikuwa na sinia la wageni tu. Lilichorwa farasi watatu wakiwa na gari la mbao katikati ya mto, wanaume wawili ndani ya gari, mbwa kando ya maji, na nyumba chini ya miti. Upande wa kulia kulikuwa na duara jeusi, pale birika lilipounguza rangi. Wageni walikuwa wakisema, "Pametulia hapo." Baba hakukubali. Alikuwa akiuza maji kwa mkokoteni wa punda, na alikuwa na jibu moja: "Gari tupu hilo. Ndiyo kwanza wanakwenda kupakia."

Nilikuja kujua baadaye kuwa ni picha iliyochorwa na Mwingereza John Constable, The Hay Wain, yaani gari la nyasi, ya mwaka 1821. Ipo kwenye jumba la picha la National Gallery, London, na upana wake unakaribia mita mbili. Mto ni Stour, unaotenganisha kaunti za Suffolk na Essex huko Uingereza. Nyumba ile alikaa mkulima Willy Lott. Kinu cha jirani, Flatford, kilikuwa cha baba yake mchoraji. Kwa hiyo Constable alikuwa mtoto wa bosi, na hilo mimi huwa silisahau nikiitazama.

Wapo wanaoeleza kwamba gari limeingizwa majini ili magurudumu yalowe. Wakati wa kiangazi mbao husinyaa, na pete ya chuma inayozunguka gurudumu hulegea. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Jembe likicheza kwenye mpini, sisi tunalitumbukiza kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi limekaza. Ile mito myekundu shingoni mwa farasi nayo naielewa: baba alikunja magunia akayafunga pale kamba inapomchubua punda, na bado vidonda vilitoka.

Constable alipoionyesha mara ya kwanza aliiita "Mandhari: Adhuhuri". Saa sita mchana! Kwetu saa hiyo hata punda anagoma, analala chini na madumu yake.

Mwezi uliopita niliikuza picha kwenye simu, nikaenda kulia, kule lilikokuwa duara la birika. Kuna watu. Vidoa vyeupe vya mashati mbali kabisa kwenye uwanda, wanafyeka nyasi, na gari lingine linajazwa. Miaka yote ile sikuwahi kuwaona. Mwaka 1822 vibarua wa mashambani kama hawa, wa Suffolk na Norfolk, walivunja mashine za kupuria nafaka kwa sababu ziliwanyang'anya kazi ya msimu wa baridi. Kwenye picha hawana hata nyuso.

Nikampigia mama kumuuliza sinia liko wapi. Akasema lipo, anaanikia karanga. Nikamwambia chini ya ile alama ya birika kuna watu wanavuna.

"Sasa ulidhani zile nyasi zinajikata?" akasema, akaniuliza kama nimekula.