Wanafunzi Waliopima Mitaro ya Dar es Salaam

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya kata hiyo, na kuanzia mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ikapelekwa katika kata nyingine za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, kupitia mradi wa Ramani Huria, ambao ramani zake zimewekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo mtandaoni, ili yeyote azitumie bure. Mengi yamesemwa kuhusu ndege zisizo na rubani zilizotumika. Mimi huvutiwa zaidi na maswali ambayo wanafunzi walipaswa kuwauliza watu.

Picha ya angani huonyesha mapaa na barabara, lakini haisemi kama mtaro umejaa mchanga wala maji yalifika wapi masika yaliyopita. Hayo anayajua mkazi. Kwa hiyo mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo hana budi kuanzia ofisi ya serikali ya mtaa, apewe mjumbe wa kumtambulisha, apige hodi, aamkie, ndipo aulize. Jibu haliji kwa sentimita: mama mwenye nyumba atasema maji yalifika magotini, au atamwonyesha alama ya tope iliyobaki ukutani, naye mwanafunzi ataweka futi kamba hapo na kuandika kipimo kwenye simu. Yapo pia mambo ambayo mgeni haambiwi siku ya kwanza, kama vile nani hutapisha choo mvua kubwa inapoanza, ingawa pua ya jirani huwa imekwisha kujua.

Udhaifu wa kazi hii ni kwamba wanafunzi hurudi chuoni na mtaro hauachi kubadilika. Uliopimwa ukiwa wazi mwezi Machi waweza kuwa jalala ifikapo Novemba. Kwa maoni yangu, kila awamu ingemalizikia kwenye mkutano wa mtaa, ramani ikiwa imechapishwa kwa karatasi kubwa na kubandikwa ukutani, wakazi waisahihishe kwa kalamu, na nakala ibaki kwa mwenyekiti. Hapo manispaa ikiuliza ni kalvati lipi lizibuliwe kwanza kabla ya masika, mtendaji ataweza kulionyesha kwa kidole, na wakazi watakuwa na cha kumdai lisipozibuliwa.