Pengo la 25
Jana alasiri, tukiwa barazani hapa Lamu, mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniletea mlinganyo x² + 10x = 39, akiwa ameikariri kanuni ya kwadrati bila kujua ilikotoka. Nilichukua chaki, nikachora sakafuni mraba wenye upande x, nikaubandikia mistatili miwili yenye upana wa 5, na kwenye pembe pakabaki pengo la 5 × 5, yaani 25. Tulipolijaza, tukaongeza 25 upande wa pili pia, (x + 5)² ikawa 64. Basi x ni 3, au −13, ambayo mchoro hauwezi kuionyesha. Mwanahisabati Al-Khwarizmi aliutatua mlinganyo huuhuu katika karne ya 9. Kwa vigawo tungemaliza upesi zaidi, nakiri, ila hilo sikumwambia mpaka alipokwisha kuuchora mwenyewe.